Vikombe vya Kahawa na Desibeli 19

Mwaka 1944, kijana mmoja wa Cairo aliyesomea kilimo aliazima kinasa sauti kutoka kituo cha redio. Kilikuwa mtambo mzito, uliohifadhi sauti kwa sumaku kwenye waya mwembamba wa chuma. Kijana huyo, Halim El-Dabh, aliubeba mpaka penye ngoma ya kupunga pepo iitwayo zaar. Ngoma hiyo ni ya wanawake, kwa hiyo alijitanda kichwa asitambulike, akaingia, akarekodi.

Kazi yenyewe ilianza aliporudi studio. Sauti za wale wanawake alizipitisha kwenye chumba cha mwangwi, akachuja zilizo nzito, akabakiza nyembamba za juu kabisa. Maneno yakayeyuka. Kilichosalia ni mvumo, kama upepo unaopita penye upenyo wa mlango, na ndani yake msikilizaji bado anahisi pumzi za watu. Mwaka huohuo aliwasikilizisha wenzake utunzi huo katika ukumbi wa maonyesho mjini Cairo.

Vitabu vingi vya historia ya sanaa bado huanzia Paris mwaka 1948, pale Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, aliporekodi magarimoshi katika stesheni ya Batignolles na kuiunganisha milio yake ikawa utunzi. Schaeffer anastahili sifa zake. Lakini Cairo ilitangulia kwa miaka minne, na El-Dabh, aliyehamia Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Kent State na kufariki mwaka 2017 akiwa na miaka 96, alisubiri muda mrefu mno kutajwa. Kwa msomaji wa pwani kuna jambo la ziada. Zaar inajulikana Sudan, Uhabeshi, Oman na nchi za Ghuba, nayo ni jamaa wa ngoma za pepo za Unguja, Pemba na Mombasa. Moja ya tungo za kwanza kabisa za sauti za mashine duniani ilizaliwa katika ngoma ambayo bibi wa Pemba angejua mara moja inapigiwa nini.

Tangu siku hizo sauti imekuwa ikijipenyeza mahali palipozoea picha na sanamu. Mwaka 1977, Mmarekani Max Neuhaus, aliyewahi kuwa mpiga ngoma wa majukwaani, alifunga mitambo chini ya wavu wa chuma kwenye eneo la watembea kwa miguu pale Times Square, New York. Kutoka chini hupanda mvumo mzito, kama kengele kubwa iliyokwisha gongwa na sasa inamalizia mlio wake. Hakuweka kibao wala jina. Watu hupita juu yake wakidhani ni mashine za treni ya chini ya ardhi; mara mojamoja mtu husimama, akatazama miguuni pake, akatega sikio. Kazi hiyo ilizimwa mwaka 1992, ikawashwa tena 2002, na bado inavuma.

Mwaka 2010 Tuzo ya Turner, ambayo ndiyo inayozua mjadala mkubwa kuliko zote katika sanaa ya Uingereza, ilikwenda kwa mara ya kwanza kwa kazi isiyokuwa na cha kutazama. Susan Philipsz, mzaliwa wa Glasgow, alirekodi sauti yake mwenyewe bila ala yoyote, akiimba wimbo wa kale wa Scotland kuhusu baharia aliyezama anayemrudia mpenzi wake. Aliimba matoleo matatu, akayapiga kwa spika chini ya madaraja matatu ya mto Clyde. Wapo walionung'unika kwamba huko ni kuimba tu, sanaa iko wapi. Lakini aliyesimama chini ya daraja lile, maji yakipita mbele yake, zege likiirudisha sauti ya mwanamke anayemlilia mtu wa majini, alijua kwamba wimbo uleule redioni ungekuwa kitu kingine. Daraja lilikuwa nusu ya kazi.

Hapo ndipo sanaa hii inapoachana na muziki wa kawaida. Mahali, umbali, ukuta, hata mpita njia, vyote ni sehemu ya utunzi.

Mnigeria Emeka Ogboh aliichukua hoja hiyo na kuipeleka sokoni. Amerekodi Lagos kwa miaka: honi, jenereta, wachuuzi, na hasa makondakta wa danfo, yale mabasi madogo ya njano, wakiita vituo kwa mahadhi yao. Kisha akaupeleka mji huo katika majumba ya sanaa ya ng'ambo, ukisikika bila kuonekana. Mwaka 2015, kwenye Biennale ya Venice, alifanya jambo jingine lililowagusa wengi. Aliwaomba Waafrika wanaoishi Berlin waimbe wimbo wa taifa wa Ujerumani, kila mmoja kwa lugha ya kwao: Kiigbo, Kiyoruba, Kilingala, Kikongo na nyinginezo, lugha kumi kupitia spika kumi. Mjerumani anayeingia chumbani humo anaujua wimbo, haelewi neno hata moja, na anabaki kujiuliza nani mgeni hapo.

Anayeurekodi mji mmoja kwa muda mrefu huanza kusikia kinachotoweka. Lagos ilianzisha mabasi ya haraka mwaka 2008, na mabasi ya namna hiyo hayana kondakta wa kuita. Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua hilo tangu Mei 2016, mwendokasi ulipoanza safari kati ya Kimara na Kivukoni. Kwenye daladala, konda hugonga bodi kwa kiganja, dereva akajua kama ni kusimama au kuondoka, na majina ya vituo huitwa kwa kuvutwa na kukatwa hadi mgeni asiyatambue. Kwenye mwendokasi mlango hufunguka wenyewe. Ni usafiri wenye nafuu yake, hakuna ubishi. Ila lugha nzima imekaa kimya katika barabara ile.

Mji wa Waswahili umejaa lugha za namna hiyo kuliko wakazi wake wanavyotambua. Muuza kahawa hasemi neno. Hugonganisha vikombe vyake vidogo, na wazee barazani wakajua kafika. Anayepaka rangi za kucha hugongagonga vichupa. Muuza sigara na karanga huchezesha sarafu kiganjani. Mng'arisha viatu hugonga kisanduku kwa mgongo wa brashi. Mwenye dawa ya mende, kunguni na panya amekwisha kujirekodi, na kipaza sauti chake hukariri tangazo lilelile kutwa nzima, yeye mwenyewe akinywa maji kivulini. Vyuma, vioo, sarafu na mbao: kila kazi imejichagulia mlio wake usiogongana na wa jirani, na mtoto wa mtaani huitofautisha yote akiwa ndani, amefumba macho.

Mamlaka nayo ilikuwa na milio yake. Pembe ya mgambo ilipolia, watu walijua kuna amri. Siwa za Lamu na Pate, moja ya shaba na nyingine ya pembe za ndovu, hazikupulizwa na yeyote aliyejisikia. Zilikuwa za shughuli za wakubwa. Swali la nani ana haki ya kusikika halikuletwa pwani na spika.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Nyumba zao zimepimwa, milango ya nakshi imepigwa picha, mabaraza yameelezwa. Ukuta ukibomoka kuna wa kupiga kelele. Kikombe cha muuza kahawa kikinyamaza hakuna faili litakalofunguliwa, na hilo ni pengo linalouma, kwa sababu mji ule haukuwahi kuwa wa mawe peke yake.

Zipo pia sauti zilizorekodiwa zamani, lakini haziko nyumbani. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejulikana kwa jina la KMRU, ni mjukuu na wajina wa mwimbaji maarufu wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Babu alitumia gitaa. Mjukuu hutembea na kinasa sauti. Alipohamia Berlin alistaajabia ukimya wa usiku wa kule, akaukumbuka usiku wa Nairobi wenye wadudu, ndege na mvumo wa transfoma, na tofauti hiyo ikazaa kazi yake ya mwaka 2022 iitwayo Natur. Mwaka huohuo alitoa nyingine, Temporary Stored, iliyotokana na hifadhi ya sauti ya Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji. Humo zimo rekodi za Afrika ya Kati za tangu enzi za ukoloni. KMRU alizisikiliza, akazichanganya na sauti zake mwenyewe. Vinyago vilivyochukuliwa vimezungumzwa sana. Sauti ya mtu aliyeimba mbele ya kifaa cha mkoloni, ikafungwa kwenye kabati la nchi asiyoijua, imezungumzwa kidogo sana, ingawa wajukuu zake wapo hai na wangeitambua.

Kati ya wasanii wote wa fani hii, Lawrence Abu Hamdan ndiye aliyeonyesha vikali zaidi uwezo wa sikio. Mwaka 2016 Amnesty International ilishirikiana na kundi la watafiti la Forensic Architecture la London kuichunguza jela ya Saydnaya, karibu na Damascus. Picha za ndani hazikuwepo, wachunguzi hawakuruhusiwa kuingia. Walionusurika nao hawakuona mengi, kwani waliwekwa gizani au kufungwa vitambaa machoni. Pia walilazimishwa kunyamaza. Aliyesikika akizungumza aliadhibiwa kikatili. Jela hiyo waliijua kwa masikio: mlango upi umefunguliwa, nyayo za nani zinakuja, ukumbi ni mrefu kiasi gani.

Katika uchunguzi huo Abu Hamdan aliketi na walionusurika, akiwapigia sauti moja baada ya nyingine. Aliwasikilizisha mnong'ono, akaupunguza hatua kwa hatua mpaka shahidi aseme: hapo, hivyo ndivyo tulivyokuwa tukinong'onezana. Kisha akalinganisha. Baada ya maandamano ya mwaka 2011 kuanza Syria, kiwango ambacho mfungwa aliweza kuthubutu kusema kilikuwa kimeshuka kwa desibeli 19.

Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zinaposhuka kumi, nguvu ya sauti hupungua mara kumi, kwa hiyo kushuka kwa 19 ni nguvu kupungua karibu mara 80. Mnong'ono ulioruhusiwa na woga wa kabla ya 2011 ulikuwa na nguvu karibu mara 80 ya uliofuata. Tofauti hiyo ndiyo iliyopima ukatili ulivyopanda ndani ya kuta zisizo na kamera, na msanii akaigeuza kuwa kazi ya maonyesho. Milango ya Saydnaya ilifunguliwa Desemba 2024, serikali ya Assad ilipoanguka.

Huku nje, maisha ya kila siku yamebadilika kwa njia iliyo ya upole zaidi. WhatsApp iliruhusu ujumbe wa sauti mwaka 2013, na familia zilizotawanyika kati ya Mombasa, Muscat, Bujumbura na Toronto zikarudi kwenye kusimuliana. Bibi asiyeandika anatuma salamu za dakika nne, na nyuma yake jogoo anawika, sufuria inaanguka, mtoto anaitwa. Mjukuu aliye ughaibuni hupokea maneno pamoja na ua mzima. Upande mwingine wa mambo, Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni moja wako hatarini kuharibu usikivu wao kwa kusikiliza kwa sauti ya juu. Kipimo chake ni rahisi kukumbuka: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ni salama, zikifika 90, muda unashuka hadi saa nne tu.

Na sasa magari ya umeme yamefika kimya kiasi cha kuwatia hofu wasioona. Umoja wa Ulaya umeagiza yawekewe sauti ya kutengenezwa yanapokwenda polepole. Sharti hilo lilianza na aina mpya za magari mwaka 2019, kisha likagusa magari yote mapya mwaka 2021. Watunzi wa muziki huajiriwa kuamua gari lilie vipi. Hans Zimmer, anayejulikana kwa muziki wa filamu, ametungia BMW.

Kigali imekwenda upande wa pikipiki. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kubeba abiria jijini humo. Zinazosajiliwa ni za umeme. Moshi utapungua, mapafu yatapumua, na usingizi wa alfajiri utakuwa mzuri. Zile za petroli zilizosajiliwa zamani bado zinapanda kilima cha Nyamirambo, injini ikikaza, dereva akipunguza gia penye kona, mwangwi ukirudi kutoka ng'ambo ya bonde. Kwa miaka michache iliyobaki, simu ya kawaida inatosha kuzirekodi.