Pumzi Hamsini

Mji wa Kale, yeyote aliyevaa koti jeupe ni dakta. Mama anatoka kichochoroni karibu na Ngome ya Yesu, mtoto kiunoni akikohoa. Kwenye zahanati huenda akapokewa na muuguzi, kwenye kituo cha afya na afisa wa kliniki. Jioni barazani atamwambia shoga yake: nimeonana na dakta, na kisa kimekwisha.

Marekani fani mbili za kutibu bila kuwa daktari, ya muuguzi anayetibu na ya msaidizi wa daktari, zilizaliwa mwaka mmoja, 1965. Colorado, Loretta Ford na Henry Silver walimfunza muuguzi kupima na kutibu watoto. Chuo Kikuu cha Duke, Eugene Stead aliwachukua vijana waliowahi kutibu majeruhi katika jeshi la wanamaji, akawafanya wasaidizi wa daktari. Kenya haikuwangojea. Wasaidizi wa tiba walifunzwa hapa tangu enzi za mkoloni, na sheria ya 1988 ikawapa warithi wao, maafisa wa kliniki, baraza lao.

Turudi kwa yule mtoto. Ana miezi minane. Muuguzi au afisa wa kliniki, mwongozo ni mmoja, wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF: pandisha fulana, tazama kifua, hesabu pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia (na hapo ndipo penye kazi). Wa miezi 2 hadi 12 akifika 50, au wa mwaka hadi miaka 5 akifika 40, huenda ni nimonia. Hanyonyi, anatapika kila kitu au amepata degedege? Hospitali, mara moja. Mpaka hapo sioni tofauti yoyote. Hata amoksilini ni ileile.

Tofauti huanza pale mwongozo unapoishia. Afisa wa kliniki amesoma stashahada miaka mitatu, kisha mwaka mzima wa mafunzo hospitalini, akifundishwa kushuku: mbona dawa haishiki, ni kifua kikuu, ni moyo, au kuna punje ya njugu imekwama? Akiendelea na masomo anaweza kutoa mtoto wa jicho au kumlaza mgonjwa usingizi wa upasuaji. Muuguzi naye amefundishwa kukaa na mgonjwa: amenyonya mara ngapi, amekojoa, dripu inakwendaje, nyumbani nani atampa dawa saa nane za usiku.

Kukaa huku hatukuthamini mpaka kukosekane. Madaktari walipogoma siku 100, hadi Machi 2017, maafisa wa kliniki walibeba sehemu kubwa ya wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani. Juni wakagoma wauguzi, takriban siku 150, na hospitali nyingi za umma zikafunga wodi. Dawa unaweza kuiandika asubuhi ukaenda zako. Mgonjwa wa kulazwa hawezi kuachwa peke yake usiku.

Tuseme mtoto wetu amelazwa Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo wengi hapa bado tunaiita Makadara. Alipofika alihesabiwa pumzi 62. Saa tisa za usiku muuguzi wa zamu anamwinamia na saa yake, anahesabu, anaandika 48 kwenye chati. Asubuhi afisa wa kliniki anapopita, anaanzia kwenye namba hiyo.