Kiraka cha programu hulipiwa kila toleo jipya

WAFANYABIASHARA wengi wanaponunua programu ya kompyuta huuliza maswali mawili: bei ya kuinunua na gharama ya kuiweka kwenye mashine. Swali la tatu, ambalo ndilo lenye gharama kubwa zaidi, huulizwa mara chache. Nani ataitunza programu hiyo baada ya fundi wa hapa kuibadilisha, na baadaye watungaji wake wa asili nao wakaibadilisha kwa njia yao?

Swali hilo lina uzito kwa mwenye duka la jumla, na pia kwa mwekezaji mdogo anayepima hisa za kampuni inayotegemea kompyuta. Programu chache sana siku hizi hutungwa kuanzia mwanzo. Iliyo nyingi hujengwa juu ya kazi za watu wengine, hasa programu huria ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Fundi huchukua kazi hiyo, akaongeza lugha ya wateja wake, aina ya risiti inayotakiwa na mamlaka ya kodi, au njia ya kupokea malipo kwa simu. Mabadiliko hayo ndiyo viraka vya nyumbani.

Kiraka kikishashonwa kazi huonekana imekwisha. Kwa kweli deni ndiyo kwanza limeanza.

JINSI DENI LINAVYOKUA

Kiraka huandikwa kwa kulenga mistari fulani ya msimbo. Programu iitwayo patch, iliyotolewa na Larry Wall mwaka 1985, na zana zilizofuata baada yake, hutafuta mistari hiyo na kuweka badiliko mahali pake. Watungaji wa asili wakitoa toleo jipya ambalo mistari hiyo imehamishwa au imefutwa, kiraka hukataa kukaa na fundi hulazimika kukiandika upya.

Hiyo ni hasara ndogo, kwa sababu inaonekana. Hasara kubwa hutokea pale kiraka kinapokaa vizuri ilhali maana ya msimbo unaokizunguka imebadilika. Programu huendelea kufanya kazi, lakini hesabu zake si zile tena.

Chukua mfano wa kodi. Nchini Kenya, Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, kisha ikarudishwa asilimia 16 Januari 2021. Duka ambalo kiwango cha kodi kiliwekwa kwenye mipangilio ya programu lilibadilisha tarakimu moja na kuendelea na biashara. Duka ambalo fundi wake angekuwa ameiandika 16 ndani kabisa ya msimbo, mahali pengi, lingehitaji kumlipa mara mbili katika muda wa miezi 9, na bado lingebaki na hofu ya mahali palipo­sahauliwa.

Gharama yenyewe inaweza kukadiriwa. Tuseme kampuni ina viraka 30, kila kimoja kinahitaji nusu siku ya ukaguzi, na watungaji wa asili hutoa matoleo 2 kwa mwaka. Hizo ni siku 30 za kazi kila mwaka, zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja wa fundi, bila mteja kupata huduma hata moja mpya.

KISA CHA DEBIAN

Tukio linalotajwa sana katika jambo hili lilitokea kwa Debian, mradi mkubwa wa kimataifa unaokusanya na kusambaza programu huria. Debian ilikuwa ikisambaza OpenSSL, maktaba ya msimbo inayotumika kufunga mawasiliano kwa funguo za siri. Mwaka 2006 chombo cha kukagua makosa kilitoa maonyo kuhusu mistari miwili ya OpenSSL. Mtunzaji wa Debian aliuliza kwenye jukwaa la watungaji, kisha akaiondoa mistari hiyo katika nakala ya Debian peke yake.

Mstari mmoja haukuwa na madhara ukiondolewa. Wa pili ndio ulioingiza bahati nasibu inayofanya funguo zisitabirike. Tangu Septemba 2006, kitu pekee kilichotofautisha funguo zilizotengenezwa kilikuwa namba ambayo kompyuta huipa kila kazi inayoendeshwa. Matokeo yake, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo zilibaki funguo 32,768 tu zinazowezekana. Mwizi mwenye kompyuta ya kawaida angeweza kuzijaribu zote.

Kosa hilo liligunduliwa na kutangazwa Mei 2008, baada ya miezi 20 hivi. Ubuntu, inayojengwa juu ya Debian, iliathirika pia. Kuweka toleo lililorekebishwa hakukutosha, kwani kila ufunguo uliotengenezwa katika kipindi hicho ulipaswa kutupwa na kutengenezwa upya.

Kiraka hicho kilidumu muda wote huo kwa sababu kilibaki nyumbani. Hakikuingizwa katika msimbo wa asili, ambako wanaoijua kazi hiyo wangekikagua mstari kwa mstari.

WANAOUZA MATUNZO

Mahali penye deni la aina hii pana biashara pia. Kampuni ya Red Hat ya Marekani ilijenga mapato yake juu ya kazi hiyo hiyo. Msimbo wenyewe ni huria. Mteja hulipa ada ya mwaka ili kampuni ichukue marekebisho ya usalama kutoka matoleo mapya na kuyaingiza katika toleo la zamani analolitumia, kwa muda wa hadi miaka 10. Aidha, sera ya Red Hat ni kupeleka mabadiliko yake kwa watungaji wa asili kwanza, ili isibebe viraka vyake peke yake milele.

Katika mwaka wa fedha 2012 mapato ya Red Hat yalivuka dola bilioni 1. Oktoba 2018 IBM ilitangaza kuinunua kwa dola 190 kwa hisa, jumla ya dola bilioni 34 hivi, na ununuzi ukakamilika Julai 2019.

Hata hivyo, anayetegemea chanzo hutegemea pia uamuzi wake. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS Linux 8, iliyotolewa bila malipo kutokana na msimbo wa Red Hat, ingekoma mwisho wa 2021, wakati watumiaji walitarajia matunzo hadi 2029. Waliokuwa na mabadiliko machache walihama kwa urahisi. Waliolimbikiza viraka walikuwa na kazi kubwa zaidi.

KUKWEPA TOLEO JIPYA

Wapo wanaoona dawa ni kutogusa kitu: toleo la zamani linafanya kazi, basi libaki. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo, inaonyesha bei ya kuchelewa, ingawa tatizo lake halikuwa viraka vya nyumbani. Machi 2017 watungaji wa Apache Struts walitoa marekebisho ya kuziba tundu la usalama. Mtambo mmoja wa Equifax haukurekebishwa, na wezi walichukua habari za watu wapatao milioni 147. Kampuni ilipotangaza jambo hilo Septemba 2017, hisa zake zilishuka kwa zaidi ya asilimia 30 katika muda wa wiki moja hivi. Mwaka 2019 ilikubali kulipa angalau dola milioni 575.

Duka lenye viraka vingi huingia katika hatari hiyo hiyo kwa mlango mwingine: kila toleo jipya linaahirishwa kwa kuwa hakuna anayethubutu kuligusa.

MASWALI KABLA YA KUTIA SAHIHI

Mnunuzi wa programu anaweza kujilinda kwa maswali machache. Je, mabadiliko anayoyataka hayawezi kufanywa kwenye mipangilio, bila kugusa msimbo? Kama lazima kuwe na viraka, ni vingapi, na kila kimoja kimeandikiwa sababu yake? Vipi kati ya hivyo vimepelekwa kwa watungaji wa asili? Kuna majaribio ya kuhakikisha kwamba jumla za ankara hazibadiliki baada ya toleo jipya? Na fundi akiondoka, orodha hiyo inabaki mikononi mwa nani?

Fundi anayejibu kwa orodha mkononi anastahili kulipwa zaidi kidogo. Asiye na orodha anaweza kuwa wa bei nafuu leo, lakini mnunuzi aitenge tofauti hiyo pembeni. Ataihitaji toleo jipya litakapotoka.