Ujira wa saa moja, njaa ya siku nzima



Machi 27, 2020, kafyu ilianza nchini Kenya. Ilipofika saa moja jioni, kila mtu alitakiwa awe kwake. Jioni hiyohiyo, Papa Fransisko alisali katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha. Akitafakari Injili ya wanafunzi waliopatwa na dhoruba ziwani, alitukumbusha kwamba sote tumo katika chombo kimoja.

Ni kweli. Lakini hata katika chombo kimoja, yuko anayeketi pakavu na yuko anayefua maji. Mwenye mshahara wa mwezi alifungua kompyuta sebuleni, akaendelea na kazi. Mama mboga, ambaye wateja wake hununua wakitoka kazini, alifunga kibanda wakati uleule biashara inapochangamka. Wafanyakazi wa nyumbani, baadhi yao waliambiwa wasije tena mpaka ugonjwa uishe, bila malipo. Wengine walitakiwa walale kwa mwajiri, wakakaa miezi bila kuwaona watoto wao. Korona haikuleta tofauti hizi. Ilizikuta.

Twasema akiba haiozi. Lakini anayelipwa leo na kula leo, ataweka akiba gani?

Septemba 20 mwaka huohuo, Jumapili ya 25 ya Mwaka A, tulisoma Mathayo 20, mfano wa vibarua katika shamba la mizabibu. Walioajiriwa saa kumi na moja walifanya kazi saa moja tu, lakini kila mmoja alipewa dinari nzima. Dinari ilikuwa ujira wa kutwa wa kibarua. Mfano huu wahusu Ufalme wa Mbinguni, naam, lakini Yesu aliwajua watu wanaosimama sokoni wakingoja kazi. Wale wa mwisho hawakuwa wavivu, hakuna aliyewaajiri. Saa zao za kazi zilikuwa zimepungua, ila njaa ya nyumbani kwao haikupungua. Mwenye shamba aliliona hilo.

Nayo Torati, katika Kumbukumbu 24, yaagiza kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua, kwa sababu roho yake inautegemea ujira huo. Asipolipwa, kilio chake chamfikia Mungu.

Ndugu zangu, kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, na makanisa yamejaa tena. Je, yule dada anayekufulia na kukulelea watoto yuko salama kuliko alivyokuwa wakati ule? Ana mkataba ulioandikwa? Hulipia michango yake ya NSSF? Akiugua wiki moja, atalipwa?

Usingoje dhoruba nyingine ndipo uyajibu maswali haya. Leo, ukitoka Misa, kabla ya chakula cha mchana, keti naye mzungumze. Sadaka uliyotoa altareni asubuhi haiwezi kufuta deni unalodaiwa jikoni kwako.

Mungu awabariki. Jumapili njema.