Kopo moja kwa wote: namna maabara inavyopima madhara ya kemikali katika jeni



Sokoni kila mama anajua kopo la maharagi lililopondwa kitako. Kwa macho ni kopo kama mengine, lakini linapunja. Torati inakataza kuweka mfukoni mawe mawili ya mizani, moja zito na moja jepesi. Maabara nayo inahitaji kipimo kimoja.

Huku Masisi tunaishi kati ya mashamba na machimbo. Mkulima wa viazi anabeba pompu ya dawa mgongoni. Kijana anashuka shimoni Rubaya kutafuta koltani. Wengi wanajiuliza: je, vitu hivi vinaweza kuharibu kizazi chetu? Swali ni la haki, na halijibiwi kwa kukisia.

Kila aina ya seli ya mwili, isipokuwa chache, ina kiini, na ndani yake mna jeni, maagizo tuliyorithi kwa wazazi. Kemikali fulani hukata maagizo hayo. Ili kujua, wataalamu hukuza seli ndani ya chupa, huzitilia kemikali, kisha huzitazama kwa darubini. Seli inapogawanyika, vipande vilivyokatika huachwa nyuma na kufanya kiini kidogo kando ya kile kikubwa. Wataalamu huhesabu viini hivyo vidogo.

Lakini mmoja akihesabu seli 200 na mwingine 2000, au mmoja akiita kiini kile ambacho mwenzake anaita uchafu, majibu yatapingana. Mwenye kiwanda atachagua jibu linalompendeza, na mnyonge atabaki bila shahidi.

Ndiyo sababu mwaka 2010 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OCDE, lilipitisha mwongozo nambari 487. Unaagiza kuhesabu angalau seli 2000 kwa kila kiasi cha kemikali. Lazima kuwe na seli zisizotiwa kemikali ile, na nyingine zilizotiwa sumu inayojulikana, ili kuhakikisha kipimo kinafanya kazi. Vioo hupewa namba za siri, asomaye asijue ni kipi. Tena seli hujaribiwa pamoja na dondoo la ini, kwa kuwa kemikali nyingine hugeuka sumu baada ya ini kuzibadili. Tangu 1981 nchi za shirika hilo zimekubaliana kupokea matokeo ya wenzao yaliyofuata miongozo.

Kipimo hicho huonyesha kile kemikali inachoweza kufanya. Kujua kama watu wamekwisha kuguswa ni kazi nyingine, lakini nidhamu ni ile ile. Tazama Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti kati ya nyumba zao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walipima damu na mkojo wa wakaaji 72, kati yao watoto 32. Walipima pia watu 25 wasioishi penye machimbo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: kobalti ilikuwa nyingi zaidi kwa watu wa Kasulo, hasa watoto, na kwa watoto zilionekana alama za DNA kuumizwa. Bila wale 25, mtu angesema, “Ndivyo walivyo watu wote.”

Tusiogope kupita kiasi. Mwili hutengeneza majeraha mengi ya jeni, na jeraha si lazima liwe ugonjwa. Wala si laana: asilaumiwe mama kwa sumu iliyokuwa hewani.

Basi tukiletewa habari kwamba dawa fulani ni salama au inaua, tuulize: Walilinganisha na nani? Walihesabu ngapi? Aliyesoma alijua anasoma ya nani? Anayepima kwa haki hataona aibu kujibu.