Majabali ya Arrakis

Katika riwaya ya Dune, iliyotolewa na Frank Herbert wa Marekani mwaka 1965, sayari ya Arrakis imetanda mchanga, na ndani ya mchanga huo wamo minyoo wakubwa mno, wavutwao na mshindo wa mfululizo wa nyayo au mitambo. Na kwa kuwa minyoo hao hawawezi kupenya mwamba, jiwe huko limekuwa ndilo mpaka baina ya uhai na mauti.

Wafremen, kaumu ya jangwani, hufanya maskani yao mapangoni mwa majabali, na milango huzibwa barabara ili unyevu wa pumzi usipotee bure. Lililo adhimu zaidi, kwa rai yangu, ni yale mabirika yaliyofichwa ndani ya mwamba, ambamo hukusanya maji kidogo kidogo, hata yale yaliyotolewa katika miili ya maiti wao, wala hapana ayagusaye ijapokuwa kiu imemshika, kwani ni amana ya vizazi vitakavyoiona Arrakis imekuwa ya kijani.

Mji wa Arrakeen nao hukingwa na safu ya milima iitwayo Ukuta wa Ngao. Paul Atreides, shujaa wa riwaya na kiongozi wa Wafremen, aliivunja kwa silaha za atomiki, akishika hoja kwamba mapatano ya koo kuu yalikataza kuzielekeza juu ya watu, si juu ya jiwe. Hoja nisiyoiridhia, maana kwa ufa ule iliingia dhoruba, na pamoja nayo minyoo waliopandwa na wapiganaji.