Sumu ya Shambani na Masomo ya Mtoto

Mtoto akishindwa shuleni wengi wetu husema ni mvivu, au mwalimu hafundishi. Ni mara chache tunauliza mama yake alivuta hewa gani wakati wa ujauzito. Mwezi huu tunawaletea habari za utafiti uliofanyika Marekani ambao umetufungua macho.

Katika jimbo la California kuna bonde liitwalo Salinas, ambako hulimwa letusi, stroberi na mboga nyingi. Vibarua wa mashamba hayo wengi ni Walatino, hasa watu wenye asili ya Mexico wanaosema Kihispania. Kuanzia mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiongozwa na Profesa Brenda Eskenazi, waliandikisha akina mama wajawazito 601. Utafiti huo uliitwa CHAMACOS, neno ambalo kwa watu wa Mexico maana yake ni watoto. Mkojo wa akina mama ulipimwa ili kuona mabaki ya dawa za kuulia wadudu, na watoto wao wakafuatiliwa hadi shuleni.

Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Watoto wa miaka 7 ambao mama zao walikuwa na mabaki mengi kupita wengine, walipata katika kipimo cha akili wastani wa alama 7 pungufu kuliko wale ambao mama zao walikuwa na mabaki machache kabisa. Haina maana kwamba kila mtoto wa mkulima ataharibika. Lakini kwa darasa zima, hasara hiyo si ndogo.

Utafiti huu pamoja na mingine ulisaidia kubadili sheria. Mwaka 2020 California ilisimamisha uuzaji wa klopairifosi, mojawapo ya dawa hizo, na karibu matumizi yake yote. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliiweka katika orodha ya sumu za kuondolewa duniani, ingawa matumizi fulani yameachwa kwa muda.

Dawa hiyo imetumika hata katika mashamba yetu ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo tunawashauri:

1. Mama mjamzito asichanganye dawa, asipulizie, wala asikae shambani siku ya kupulizia.

2. Anayepulizia avae glavu na viatu vya kufunika miguu. Aoge kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.

3. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi.

4. Dawa isihamishiwe katika chupa ya soda, na kopo tupu lisichotewe maji.

5. Siku za kungoja kabla ya kuvuna ziheshimiwe. Mwulizeni bwana shamba.

6. Mtu akimeza dawa, msimtapishe. Mpelekeni hospitali upesi, pamoja na kopo lake.

Akina mama wa Salinas, wengi wao wakitoka familia maskini za vibarua, walikubali kupimwa na kuulizwa maswali mwaka hata mwaka, na sauti yao ikafika kwa watunga sheria. Nasi tulizungumze jambo hili katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tuulize ni dawa zipi zinauzwa madukani kwetu. Mtoto ni zawadi ya Mungu. Tumlinde tangu tumboni.