Nyumba ya Urithi: Isiuzwe Wala Isiachwe Ianguke

Tabora ni mji uliokuzwa na misafara. Waliotoka Bagamoyo walitua Unyanyembe wakapumzika, na hapo njia ikagawanyika: moja yaelekea Ujiji, nyingine kaskazini hata Karagwe na Buganda. Matajiri wa Kiarabu na wa Kiswahili wakajenga matembe yenye kuta nene za udongo, dari tambarare na ua katikati. Burton na Speke waliyakuta mwaka 1857. Na lile la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872, leo ni nyumba ya makumbusho. Reli ilipofika mwaka 1912 njia ya miguu ikafa, lakini mji ulibaki na majumba ya wazee.

Yapo majumba ya namna hii ambayo hayana mtu. Mwenyewe amefariki, warithi wametawanyika, na kila mmoja amwogopa mwenziwe asije akala peke yake. Basi mlango hufungwa. Lakini adui wa udongo ni maji: dari ikivuja mvua mbili tatu bila ya kuzibwa, ukuta hulowa, na mali ya wote huwa kifusi cha wote.

Sheria yetu imetuonyesha njia. Ijara ni kuuza manufaa ya kitu, na kitu chenyewe kikabaki kwa mwenyewe. Nyumba haikatiki vipande, bali kodi yake hukatika kwa hesabu ya Suratin-Nisaa. Tuseme marehemu ameacha mjane, mwana mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, na kodi ni shilingi 240,000 kwa mwezi: mjane atapata thumuni, yaani 30,000, mwanamume 140,000, na mwanamke 70,000. Hakuna aliyedhulumiwa, wala hakuna jiwe lililouzwa.

Lakini nyumba iliyochakaa haipati mpangaji ila mwenye fedha za kuitengeneza, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Humwambia, “Itengeneze, na matengenezo ndiyo kodi yako.” Imamu Nawawi katika Minhaj amebainisha kuwa ijara ya namna hii haisihi, kwani gharama ya matengenezo haijulikani, na kodi sharti ijulikane. Dawa yake ni nyepesi: kwanza wapatane kodi maalumu kwa muda maalumu, kisha warithi wampe mpangaji idhini ya kutumia fedha ya kodi katika matengenezo kwa niaba yao, kwa hesabu iliyoandikwa. Aliyemwachia mpangaji nyumba bila ya hesabu hii, baada ya miaka kumi atakuta mgeni anadai kuwa nyumba ni yake.

Yaandikwe pia haya: nyumba itatumiwa kwa kazi gani, isije ikawa duka la ulevi, alichokijenga mpangaji kitakuwa cha nani muda ukiisha, na nani atakayepokea kodi. Amri ya kuandika na kushuhudisha imo katika Suratil-Baqara, aya ya 282, nayo haikuwabagua ndugu. Ikiwa nyumba ni wakfu, hairithiwi wala haiuzwi. Msimamizi wake ndiye mwenye kuikodisha, kwa maslahi ya wakfu. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Basi idara yake iulizwe kabla ya kugusa ukuta.

Anayetaka mfano na atazame Unguja. Jumba la zahanati ya kale, ambalo Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887, lilifikia kuchakaa baada ya mwaka 1964. Mwaka 1990 Serikali ililikodisha kwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, likatengenezwa, na nakshi za roshani zake zikarudi kama zilivyokuwa.

Enyi warithi wa Tabora, kaeni kikao kimoja kabla ya mvua zijazo, mwiteni sheikh mwenye kujua mirathi, na muandike. Mwenyezi Mungu atujaalie tuzihifadhi amana za wazee wetu. Amin.